Bandeji za Kinyozi

Machi 4

Dada yangu,

Nyumba nzima inakusalimu, mkubwa kwa mdogo, kila mmoja kwa sauti yake, ndiyo maana naandika huku nimeziba sikio moja. Wifi yako ameanza kushona sare za shule. Vifungo vimetapakaa kila mahali, na juzi nilitafuna kimoja ndani ya mkate nikidhani jino limeng'oka. Mtoto mkubwa amenifikia begani. Mdogo amekuwa kibogoyo wa mbele na anajivunia. Duka langu la kunyolea bado ni lile lile: viti viwili, kioo kimoja chenye ufa, na wateja wale wale wanaokuja kusoma gazeti langu na kuondoka na nywele zao.

Ulisema baada ya ile siku ya Januari hutapokea tena simu yangu, na nikiwa na neno niandike. Basi naandika. Sibishani na wewe, nilishazoea kushindwa.

Neno lenyewe ni hili, na tafadhali usicheke. Nimeanza kunyanyua vyuma. Wamefungua jimu nyuma ya duka la rangi, na kocha wake ni kijana tunayemwita Shingo, kwa sababu hana. Nina mwezi na nusu sasa. Mwili unakubali, ila vifundo vya mikono vinaniadhibu, pale kiganja kinapoungana na mkono. Shingo anasema nitafute bandeji za kufungia. Nimekwenda dukani nikakuta za kila namna: fupi, ndefu, ngumu kama mkanda wa suruali, nyingine zinavutika kama soksi. Muuzaji nilipomuuliza tofauti yake akaniambia hii nyekundu, hii nyeusi.

Wewe umekuwa ukifunga mikono ya watu katika chumba cha plasta hospitalini miaka ishirini. Nichagulie, na unieleze zinavyofungwa.

Nimesahau kukwambia: mwezi wa nane kuna mashindano ya wakongwe, waliopita miaka thelathini na mitano. Nina mpango wa kushiriki.

Mdogo wako


Machi 17

Kinyozi,

Barua yako ilinikuta kazini, mikono yangu ikiwa nyeupe kwa plasta mpaka kwenye viwiko. Nilicheka hadi mgonjwa wangu, mama mmoja aliyeteleza bafuni akavunjika mkono, akataka nimsomee na yeye. Nikamsomea. Amesema nikupe pole.

Mimi mzima. Chumba chetu kimepakwa rangi mpya ya kijani, ile inayomfanya hata mzima aonekane ana homa. Mpangaji wa juu yangu bado anahamisha kabati lake kila Jumapili, hajapata mahali linapopendeza. Msalimie wifi yangu, mwambie nataka kumwona akikushona mdomo kwa vifungo hivyo. Wanangu wabusu. Aliyebaki humo ndani sina salamu zake.

Na kwa kuwa umeitaja Januari, tuimalize. Ulinifanyia hila. Ulisema "kuna mtu anataka kukusikia," nikadhani ni mtoto, kumbe umempa simu Mzee. Nikasema haloo mara tatu, baba yangu mzazi akanipumulia tu sikioni! Miaka ishirini na mitatu imepita, bado anangoja mimi ndiye nianze. Nilikuwa na miaka kumi na minane, ninanyanyua kilo kumi zaidi yako kwenye vyuma vya makopo ya saruji alivyovitengeneza uani mwenyewe, na yeye, mwalimu wa vyuma wa mtaa mzima, akakupeleka wewe mashindanoni. Mimi akanikabidhi ndoo ya maji na taulo. "Wewe shika ndoo," basi, hakuna zaidi. Nikaishika. Wiki iliyofuata nikaondoka, na sijarudi. Kwa hiyo tuandikiane, ila yeye asiwemo ndani ya barua.

Sasa bandeji. Sitauliza mtu aliyeangusha chuma mbele ya watu mia nne anatafuta nini tena mashindanoni, maana nilikuwepo, nimeshika ndoo. Nunua fupi, nusu mita hivi, upana wa vidole vinne. Zile ndefu za mita nzima ni za watu wanaosukuma uzito wa ng'ombe, wewe hata mbuzi bado. Ngumu hushika mkono kama plasta, haukunjiki. Laini hukuachia nafasi kidogo. Anayeanza achukue laini. Nusu ya bandeji ikae juu ya kifundo na nusu chini yake, ile mistari ya kukunjia mkono iwe katikati. Kile kitanzi cha kidole gumba ni cha kukusaidia kuanza kufunga. Ukimaliza kitoe. Kaza unapoingia kwenye uzito wa kweli, ukishusha chuma legeza. Wakati wa kupasha mwili usifunge kabisa, mkono nao ufanye kazi yake.

Na sikiliza, hii nawaambia wagonjwa wangu kila siku: bandeji haitibu. Mkono ukiuma hata ukiwa umekaa kitako, usinunue kitambaa, tafuta sababu.

Dada


Aprili 9

Dada yangu mwenye maneno,

Salamu zimefika, na pole ya mama wa bafuni nimeipokea kwa mikono miwili yenye bandeji. Nyumbani ni wazima. Wifi yako amepata oda ya sare arobaini na sasa anatupima sote kwa macho, hata tukiwa tunakula. Mtoto mdogo ameota jino moja na tayari ameshamuuma mwenzake kulijaribu.

Nimenunua. Najua ulisema fupi, lakini yule muuzaji aliniangalia juu mpaka chini akasema mtu wa mwili wangu anahitaji ndefu. Ningefanyaje? Ni mara ya kwanza mtu kuusifu mwili wangu tangu nioe. Nimechukua za mita nzima, ngumu, nyekundu. Shingo alipoziona akanyamaza, nikajua amevutiwa.

Nazifunga asubuhi nikiamka, nazivua nikienda kulala. Najua ulisema nilegeze, lakini kuzifunga kunachukua muda, na mimi nina kazi za nyumba kabla ya kufungua duka. Kule dukani zimeniletea heshima yake. Mteja mmoja alidhani nimevunjika mikono yote miwili, akaniletea mayai sita ya pole. Sikumsahihisha. Vidole vinakufa ganzi kidogo kufikia saa sita, si sana, wembe bado nauona.

Nimekuwekea picha humu ndani. Alinipiga jirani yangu fundi viatu, ndiyo maana imeenda upande.

Nyumba haina jipya lingine. Yule uliyesema asiwemo, hayumo.

Mdogo wako


Aprili 18

Kinyozi,

Hatujambo huku, isipokuwa lifti ya hospitali, ambayo imekufa na haijazikwa. Wagonjwa wa miguu wanapanda ngazi kuja kwangu kufungwa miguu. Wifi yangu mpe hongera ya sare arobaini. Mwenye jino jipya namtumia busu la mbali, nisije nikaumwa.

Picha nimeibandika ukutani kazini, na sasa tunaitumia kufundishia. Nimewauliza wanafunzi wa uuguzi wataje makosa, wakapata manne kabla sijamaliza kuuliza. Kwanza, umezifunga chini kabisa ya kifundo, kwenye mkono, kama bangili za bibi harusi. Kifundo chenyewe kimebaki nje kinapunga upepo. Pili, kitanzi bado kimenyonga kidole gumba. Tatu, umezikaza mpaka vidole vimebadilika rangi, nawe mwenye macho unaniandikia eti "ganzi kidogo." Zivue. Usimalize kusoma, zivue kwanza. Kinyozi mwenye wembe na vidole visivyosikia ni mtu wa kukamatwa na polisi.

La nne aliliona mwanafunzi mmoja mwenye macho makali, na mimi limenishinda. Kwenye mkono wako wa kulia, juu ya bandeji, kuna alama nne zilizopangana, na moja upande wa pili. Nimezitazama kwa kioo cha kukuzia. Chuma hakina kucha. Umegombana na wifi yangu? Kama amekufinya najua alikuwa na sababu, ila nataka kuisikia.

Na uniambie kwa makini, kama unayeandikisha kesi: mkono unauma wapi hasa? Upande wa gumba au upande wa kidole cha mwisho? Ukisukuma kitu au ukikibeba? Asubuhi au jioni?

Dada


Mei 20

Kinyozi,

Umekufa? Kama umekufa, wifi yangu aniandikie yeye. Kama hujafa, aibu.

Nimeuliza maswali matatu mafupi tu. Watoto wazima? Mikono je? Picha yako imeanza kufifia ukutani, na wanafunzi wamekuzoea, wanakuita Bangili.

Dada


Juni 1

Dada,

Usinikasirikie. Barua zako zote mbili zilifika, nikaziweka juu ya kabati, na kila nikitaka kujibu kunakuwa na jambo. Watoto wazima. Wifi yako mzima, amechoka tu. Sare arobaini zimekwenda, zimekuja sabini.

Bandeji nilizivua ulivyosema, lakini nilichelewa kwa siku mbili, na siku hizo mbili zilitosha. Nimemkata sikio mwalimu mkuu wa shule ya watoto. Si sana! Kipande cha juu, kama upana wa punje ya mchele. Damu ikawa nyingi kuliko sikio. Alikuwa amefumba macho akinisimulia habari za nidhamu. Sasa wateja wanakaa kwenye kiti wameshikilia masikio yao, na yule wa mayai amehamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Nikiwa na siku tano zaidi za namna hii, duka nitalifunga mwenyewe kabla halijafungwa.

Maswali yako. Mkono unauma upande wa kidole cha mwisho. Nikigeuza kiganja kutazama juu ndipo nauona moto. Asubuhi ni mbaya zaidi, na saa nane mchana, na jioni. Jimu sijakanyaga wiki tano sasa, na ajabu ni kwamba unazidi.

Zile alama ni za paka.

Mdogo wako


Juni 8

Kinyozi,

Sitakusalimu leo kwa urefu. Wote mkae salama.

Paka wako ana gumba? Alama nne upande mmoja na moja upande wa pili, huyo si paka, huyo ni mkono wa mtu unaoogopa kuanguka. Ungekuwa unanyoa kama unavyosema uongo, kila mtu mtaani angekuwa na sikio moja.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini, kwa hiyo ngoja nikusomee mkono wako. Anayesukuma chuma akiwa amelala chali huumia katikati ya kifundo au upande wa gumba, kwa sababu mkono unalala nyuma. Huumia siku ya mazoezi, akipumzika anapata nafuu. Wewe umepumzika wiki tano na maumivu yameongezeka. Unauma upande wa kidole cha mwisho, viganja vikitazama juu, asubuhi, saa nane na jioni. Hizo ni saa za kumtoa mtu kitandani, kumpeleka bafuni, na kumrudisha. Wenye mikono kama yako nawapokea kila wiki. Huja na mgonjwa wao kwenye kiti cha magurudumu, na wakati mimi namfunga mgonjwa, wao wamesimama nyuma wakijisugua vifundo na kusema hawana kitu.

Hukuanza jimu kwa ajili ya mashindano yoyote. Ulianza kwa sababu kuna mtu mzito na wewe mikono yako laini ya wembe haimwezi.

Wifi yangu anashona sare sabini, kwa hiyo si yeye. Watoto unanihesabia meno yao, kwa hiyo si wao.

Unamnyanyua nani?

Dada


Juni 15

Dada yangu,

Unajua ninayemnyanyua. Hukuuliza kwa kutojua.

Ni kiharusi. Kilimpata Januari tarehe kumi na moja, akiwa uani anapanga yale makopo yake ya saruji ambayo hakuna mtu anayeyatumia. Upande wa kulia umelala. Ulimi ukawa mzito. Sasa anapata maneno machache kwa siku, na mengi anayamalizia kwenye kulalamikia chai. Ana kilo tisini na mbili na hapungui hata moja. Mashindano yangu ni kutoka kitandani hadi kiti cha dirishani, mara tatu kwa siku, naye ananishika mkono kwa ule wake mzima mpaka kucha zinaingia. Wifi yako anamlisha. Mimi namwogesha.

Ile simu ilikuwa siku ya tisa baada ya kiharusi. Hakuwa anakunyamazia, Dada. Alikuwa anajaribu. Mimi nilikuwa nimemshikilia simu na nilimwona, mishipa ya shingo ilimtoka yote, na kilichotoka mdomoni ni pumzi. Ulipokata akaendelea kujaribu. Nilitaka kukwambia siku ile ile, lakini ukasema hutapokea tena simu yangu, na kwenye barua nikaona ni rahisi kukuuliza habari za vitambaa, kisha nawe ukaandika kwamba asiwemo.

Na lipo jingine. Hili nimeliandika mara nne nikachana. Jioni kabla ya ile karatasi ya mashindano kupelekwa, nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na jina lililokuwa limeandikwa lilikuwa lako. Mimi ndiye niliyemfuata Mzee uani. Nilimwambia wavulana wote wa darasa langu watakuwepo, na nikipitwa na dada yangu mbele yao sitagusa chuma tena wala sitarudi shule. Nililia, nikajigaragaza chini, na miaka yangu kumi na mitano. Kisha akachukua kalamu akakata jina lako mbele ya macho yangu. Akasema nisikwambie kamwe. Alisema, "Akikasirika, na anikasirikie mimi. Wewe hutaweza kuibeba hasira yake."

Nilikwenda nikaangusha chuma mbele ya watu mia nne, kama unavyokumbuka na kunikumbusha. Ukaondoka. Na mimi nikanyamaza, kwanza kwa woga, halafu kwa mazoea.

Mdogo wako


Juni 24

Kinyozi,

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaendelea na kazi, nikamfunga mtu plasta kwenye mguu ambao haukuvunjika. Mgonjwa alikuwa mpole, hakusema mpaka ilipokauka. Tukaikata kwa msumeno, na daktari akaniambia niende nikanywe maji.

Hukumu yako ni hii. Kwamba wewe ulikuwa mwoga ukiwa na miaka kumi na mitano, hilo si habari kwangu, nililala chumba kimoja na wewe na mende. Mzee alikuwa mtu mzima mwenye kalamu mkononi, akashindwa na kamasi za mvulana. Nyote wawili mna kesi, na yake haifutwi na kiharusi. Ila wewe una miaka ishirini na mitatu ya kunyamaza juu yake. Ulikuwa unaniandikia kadi kila mwaka mpya ukinitakia amani moyoni! Nilizihifadhi zote. Nikifika nitakulisha moja moja.

Habari ya simu iache kwanza.

Sasa mikono yako, maana bila mikono hakuna duka, na bila duka nyumba nzima italala njaa akiwemo mgonjwa. Zile bandeji nyekundu zitie kabatini. Za jimu zimetengenezwa kwa ajili ya uzito uliotulia na mkono ulionyooka chini yake. Mzee hajawahi kutulia. Unapomwingizia mikono chini kama mtu anayebeba kuni, uzito wote unaning'inia kwenye vifundo, na hakuna kitambaa duniani kitakachokuokoa. Mfunge yeye, usijifunge wewe: chukua mkanda mpana, mwambie wifi ashone wenye vishikio viwili, umzungushe Mzee kiunoni. Mketishe ukingoni mwa kitanda. Miguu yake iwe katikati ya miguu yako. Shika mkanda, usishike makwapa yake. Inuka kwa mapaja. Kifundo cha kulia kipumzike ndani ya kibao cha kunyooshea mkono wiki tatu. Mashine ya kunyolea ishike kwa kushoto au usinyoe kabisa, na mwalimu mkuu asiingie.

Maelezo haya yanatosha kwa mtu mwenye akili. Kwa kuwa ni wewe, nimeomba likizo ya siku nne. Nafika Jumamosi tarehe nne. Usinipokee kwa machozi, na usimwambie Mzee apige mswaki kwa ajili yangu.

Dada


Julai 13

Dada yangu,

Natumai ulifika salama na kabati la juu limepata mahali pake. Huku tumebaki na ukimya ambao hatukuuzoea. Watoto wanakuuliza kila siku, mdogo anafunga midoli yake plasta kwa unga wa ngano na maji, na wifi yako anataka kunipiga mimi kwa ajili ya unga. Kibao bado nimevaa. Nanyoa kwa kushoto polepole, na wateja wawili wamerudi, mmoja ameshusha mikono masikioni.

Lakini kuna jambo silielewi. Siku tatu nilikuona ukiingia na kutoka chumba cha Mzee kama askari wa zamu, humwambii neno, hakuambii neno. Wifi yako aliniambia nisiingilie. Jumanne asubuhi mimi nikaenda dukani, yeye akapeleka sare, tukarudi mchana tukakuta Mzee amekaa kitini, ametoka jasho, anang'aa uso kama aliyepata mshahara, na wewe unafua kwa hasira. Jumatano ukaondoka. Ulinikumbatia mpaka mbavu zikalia, ukapanda basi.

Tangu siku hiyo hanitaki. Nikimsogelea ananisukuma kwa ule mkono mzima. Namfunga mkanda, natega miguu kama ulivyonionyesha, yeye anatikisa kichwa, anaguna, anatazama miguu yangu kana kwamba nimekanyaga kinyesi. Jana alikataa kunyanyuliwa mara mbili, akakubali ya tatu kwa kuwa haja ilimbana.

Ulimfanya nini baba yangu?

Mdogo wako


Julai 21

Mdogo wangu,

Nilifika salama. Kabati bado. Wabusu wanangu, na mwambie mwenye plasta ya unga kwamba ya kwangu nachanganya na maji ya vuguvugu, labda ndiyo siri. Wifi yangu nimemkumbuka kuliko nyote, mkanda alioushona ni imara kuliko tulionao hospitalini, nimewaambia.

Sikukwambia pale nyumbani kwa sababu ningelia, na wewe ungelia, na ungeniomba radhi tena, na mimi sina nguvu ya kukusukuma mara mbili. Ngoja nikwambie kwa karatasi.

Jumanne mlipoondoka niliingia kwake nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba, niliitunga kwenye basi kwa saa saba, ilikuwa na mwanzo, katikati na maneno mawili ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Nikaona nimketishe kwanza kitini, nimseme akiwa amekaa sawa. Nikamweka ukingoni mwa kitanda, nikamfunga mkanda, nikashika. Yeye hakunitazama usoni. Alinitazama miguu.

Akasema, "Panua."

Nilidhani anaumwa. Akasema tena, "Panua," kwa shida, na mate yakimtoka. Nikapanua miguu. Akatazama magoti yangu, akatazama mgongo. "Mgongo." Nikaunyoosha. Akangoja. Ananijua Mzee, alijua nimebana pumzi kabla hajasikia. "Vuta hewa." Nikavuta. "Sasa."

Nikamnyanyua. Alipaa, mdogo wangu. Kilo tisini na mbili, sikuhisi hata ishirini. Nikamgeuza nikamkalisha, nikasimama mbele yake nikitweta, nikiwa tayari kuanza hotuba yangu. Akanitazama sasa usoni, kwa lile jicho moja linalofunguka vizuri, akasema, "Rudia."

Nikamrudisha kitandani. Tukarudia. Kisha tukarudia tena, mara sita, mpaka akaridhika na miguu. Ndilo jasho mlilolikuta. Hotuba sikuitoa, na sasa nimesahau nusu yake.

Usidhani tumepatana. Hakuniomba radhi, na mimi sikumpa. Bado nina hasira naye na nina hasira na wewe, na nimegundua nina nyingi kuliko nilivyodhani, zinatosha nyote. Lakini uani kule, miaka yote ile, alikuwa akikusahihisha wewe. Mguu huu, goti lile, inua kidevu. Mimi alinipita tu akasema "vizuri," akaenda kwako. Nilinyanyua kilo kumi zaidi yako kwa kusikiliza masahihisho yako. Nina miaka arobaini na moja, na Jumanne ndiyo siku ya kwanza baba yangu kunifundisha kitu. Nilifua nguo zenu zote kwa sababu sikujua pa kuipeleka mikono.

Wewe anakusukuma kwa sababu unanyanyua vibaya. Hana sababu nyingine, usijitafutie. Panua miguu.

Ninakuja tena mwisho wa mwezi ujao, nimeshaomba ruhusa. Jumatano alfajiri nilipoingia kumuaga alinishika kifundo cha mkono wa kushoto, akakizungusha huku na huku, akasema, "Mvivu huu." Madaktari nimefanya nao kazi miaka ishirini, hakuna aliyewahi kuliona. Na ni kweli, ni mvivu, nikinyanyua huchelewa nyuma ya mwenzake. Nimejua tangu nikiwa msichana, na nilikuwa nangoja yeye auone.

Dada yako